Pilau ya Idi, maharage ya Jumanne

Idi ikifika Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, pua hujua kabla ya macho. Bizari nyembamba imekaangwa, iliki imepondwa, mdalasini na karafuu vimetumbukizwa kwenye mafuta pamoja na vitunguu vilivyogeuka rangi ya kahawia. Hata jirani asiyefunga hupelekewa sahani yake.

Ajabu ni siku zinazofuata. Jikoni mlemle, maharage ya Jumanne hupikwa kwa chumvi na vidonge viwili vya mchuzi, vile ambavyo wengi huviita magi bila kujali nani kavitengeneza. Viungo vimerudishwa kabatini kungoja sherehe nyingine, na humo kabatini vinapoteza harufu.

Kidonge hicho, tangu Julius Maggi wa Uswisi alipokiingiza sokoni mwaka 1908, kimependwa kwa sababu hakidai kinu wala mchi. Mama aliyetoka kazini jioni hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini sehemu yake kubwa ni chumvi, na wapishi wengi huongeza chumvi nyingine juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Na presha inayoletwa na chumvi nyingi haibishi hodi.

Mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, anaonyesha njia nyingine. Akichanjwa ubavuni, akapakwa kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, akakamuliwa ndimu na kuachwa nusu saa kabla ya kupanda kwenye makaa, chumvi kidogo tu inamtosha. Maharage nayo hayahitaji makuu: kitunguu kikaangwe kwenye mawese, bizari ifuate palepale kwenye mafuta, ndipo maharage yamiminwe. Harufu ya viungo vingi hushikwa na mafuta kuliko maji, kwa hiyo anayevitupa kwenye sufuria inayotokota amevipunja. Majani ya seleri yangoje mwisho.

Wapo pia wanaouza manjano na tangawizi kana kwamba wamefunga hospitali kwenye kikaratasi. Hao wasisikilizwe. Mgonjwa wa sukari au presha abaki na dawa za daktari wake. Kazi ya manjano ni mchuzi.

Mwenye bizari na iliki zilizobaki tangu Idi, azitoe kabatini leo hii, kabla hazijawa vumbi.