Bibi wa Pili na Sheria ya Malezi Uingereza

Tangu Septemba 2025, wazazi wanaofanya kazi England na kutimiza masharti ya kipato wanapata saa 30 za malezi kwa wiki zinazolipiwa na serikali, katika majuma ya skuli, kwa mtoto kuanzia miezi tisa. Wengi wetu huku Maskati, Dubai na Doha tuna watoto na wajukuu kule, na habari hii imetufikia kwa simu. Ila fedha hizo huenda kwa mlezi aliyesajiliwa tu. Ndipo linapokuja swali ninaloulizwa kila Ijumaa baada ya chakula: je, bibi au khalati anayemlea mtoto naye anahitaji leseni?

Nimekaa ofisini miaka mingi nikiwa karani, na kabla ya hapo walimu wangu wa misheni walinifundisha kusoma kanuni neno kwa neno, hata yale madogo. Basi nimeisoma hii.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2006. Anayemlea nyumbani kwake mtoto wa mwengine aliye chini ya miaka minane, kwa malipo, zaidi ya saa mbili kwa siku, lazima ajisajili kwa Ofsted, idara inayokagua skuli na malezi. (Uskochi na Wales wana taratibu zao.) Kisha zinakuja ruhusa za kutosajiliwa. Anayekaa na watoto kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nane usiku, wazazi wakiwa wametoka, hahusiki. Yaya anayelea nyumbani kwa mtoto mwenyewe halazimiki, hata akiwa na familia mbili. Chuo cha Jumamosi kinachofundisha dini au utamaduni nacho hakihesabiwi kuwa malezi, maadamu kuwaangalia watoto ni jambo linalofuatana na masomo tu. Wakianza kupika chakula cha mchana na kuwaweka watoto mpaka magharibi likizo nzima, hilo ni jambo jengine.

Na jamaa wa mtoto hahitaji kujisajili. Hapa ndipo pa kusimama.

Neno “jamaa” katika sheria ile lina orodha fupi: babu, bibi, shangazi au khalati, ami au mjomba, kaka na dada, wawe wa damu au wa ndoa. Basi. Dada yake bibi hayumo. Binti wa ami hayumo. Sisi dada yake bibi tunamwita bibi, na mtoto hajui tofauti mpaka akue. Binti wa ami tunamwita dada. Sheria imeandikwa kwa kupima nyumba ya Kiingereza, yenye baba, mama na watoto wawili. Mama mwenye kazi London akimpelekea dada wa bibi yake mtoto kila siku, na kumpa fedha kila wiki, machoni pa sheria amempelekea mtu baki anayefanya biashara ya kulea.

Asipompa fedha, mambo hubadilika. Ruhusa hiyo ina historia yake. Mwaka 2009 askari polisi wawili wanawake, waliogawana kazi moja na kuleleana watoto kwa zamu, waliambiwa na Ofsted kuwa wanavunja sheria, kwa kuwa kila mmoja alikuwa “analipwa” kwa huduma ya mwenzake. Nchi nzima ilipiga kelele, na serikali ikalazimika kurekebisha kanuni: rafiki anayelea bila malipo ya fedha asisumbuliwe. Nadhani walifanya vyema, lakini walisahihisha upande wa urafiki na kuuacha ukoo kama ulivyokuwa.

Mtu asiogope kupita kiasi. Mlezi wa nyumbani asiyesajiliwa hupewa kwanza ilani na Ofsted. Kosa la jinai huja akiendelea bila sababu ya maana. Na njia nyepesi ipo: bibi wa pili aende yeye kwa mtoto, badala ya mtoto kwenda kwake. Hapo anahesabiwa kama yaya, ingawa mama akimlipa mshahara huenda akawa mwajiri mbele ya watu wa kodi.

Bibi mzazi anayeishi kule, ambaye hajafika umri wa pensheni ya serikali, ana haki ambayo wengi hawaidai. Tangu Aprili 2011, akimlea mjukuu aliye chini ya miaka 12 ili mama aende kazini, mama anaweza kumhamishia stahili yake ya michango ya pensheni. Ni fomu tu. Ijazeni.

Anayesafiri kutoka huku ana hesabu nyengine kabisa. Kutohitaji leseni ya Ofsted hakumpi ruhusa ya kazi. Mgeni anaweza kuwaangalia wajukuu kwa muda wakati wa ziara, lakini haruhusiwi kuajiriwa. Binti akimwekea mamake mshahara wa mwezi, hata mdogo na hata kwa heshima, anayeulizwa pale Heathrow ni mama, na anayeweza kurudishwa Maskati ni yeye.