Kibuyu Mezani Hakitoshi: Vyuo vya Morogoro na Utamaduni wa Kilosa

Ni vigumu kumaliza sekondari Tanzania bila kukutana na jina la Mangungo wa Msowero. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mwishoni mwa 1884 Carl Peters alimfikia chifu huyo, akamtia katika mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, na kwamba Februari 1885 Ujerumani ikaitegemea mikataba ya namna hiyo kutangaza ulinzi wake juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Anakariri, anajibu mtihani, anasonga mbele. Miaka michache baadaye anachaguliwa kusoma Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au Mzumbe, na Msowero yenyewe imo ndani ya mkoa huohuo, kwenye barabara ya kutoka Dumila kwenda Kilosa. Wengi huvaa joho na kuondoka bila kukanyaga pale hata siku moja.

Nalitaja hilo kwa sababu mjadala wa maonyesho ya utamaduni vyuoni umekwama kwenye swali dogo: yafanyike au yasifanyike? Wanaoyapinga husema yanakula muda wa masomo na kufufua ukabila. Wanaoyatetea husema yanaenzi mila. Mimi niko upande wa wanaoyatetea, ila namna yanavyoandaliwa hainiridhishi. Mengi hayana utafiti nyuma yake, na hayamfai kitu mwanafunzi anayehangaika kuyaandaa. Dosari hizo mbili zina dawa moja. Sehemu ya fedha za ustawi wa wanafunzi itumike kuwalipa wanafunzi wenyewe, wakati wa likizo, waende vijijini wakajifunze kwa wazee, na wanachokileta chuoni kiwe kile walichokisikia na kukielewa.

Tazama meza ya kawaida ya siku ya utamaduni. Juu ya kitenge kuna ungo, kinu na mchi, jembe la mkono na kibuyu cha maziwa. Kila kitu kimebandikwa kikaratasi chenye jina lake. Mgeni rasmi anapita, anaelezwa kwamba hiki ni kibuyu, anatikisa kichwa, anapigwa picha. Hakuna anayemwambia kwamba Waparakuyo wa Kilosa, kama Wamaasai wengine, hukisafisha kibuyu hicho kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, ndiyo maana maziwa yake hunukia moshi na hudumu, na kwamba kazi hiyo na maziwa yenyewe viko mikononi mwa wanawake. Hakuna pia anayemwambia kwamba jembe lile, likiwa la Mkaguru, lina habari ndefu zaidi: Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, hata katika ardhi. Wasagara, Wavidunda na Waluguru nao ni watu wa ukoo wa mama. Mwanafunzi wa sheria wa Mzumbe atakayehukumu mirathi, au bwana shamba wa Sokoine atakayeshauri familia kuhusu kupanda miti ya kudumu, anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kuona jembe. Jembe analijua.

Hofu ya ukabila nisiipuuze. Nchi hii ilijengwa kwa tahadhari hiyo. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka ngoma na hadithi za makabila ziwe mali ya wote, zisibaki uzio wa kila kabila. Majirani zetu wamechukua njia tofauti. Makerere, kwa mfano, kuna Nkobazambogo, chama cha wanafunzi wa Buganda, nacho kimejulikana kwa siasa za ufalme kama kilivyojulikana kwa utamaduni. Sitamani kuona vyama vya aina hiyo vikiota mizizi Morogoro, wanafunzi wakigombea uongozi kwa mgongo wa kabila.

Lakini kinachochochea ukabila ni maonyesho yenyewe, au ni ubovu wake? Kibanda kikiandikwa jina la kabila moja, kikasimamiwa na vijana wa kabila hilo tu, mtazamaji anaondoka akiamini kwamba makabila ni masanduku yaliyofungwa. Kilosa inamkanusha. Reli ya Kati ilipofika Kilosa mwaka 1909, mashamba ya mkonge yalitanda kuanzia Kimamba hadi Rudewa, na manamba wakaja kutoka Songea, Iringa, Kigoma na hata Msumbiji. Baadaye miwa ya bonde la Kilombero na Ruaha ikaleta wengine upande wa Kidodi. Wajukuu wao wapo, wameoana na Wasagara na Wakaguru, wanazika pamoja. Maonyesho ya kweli ya Kilosa yangekuwa na chumba kizima cha mkonge na reli. Humo usingeweza kutenga kabila hata ungetaka.

Kuna jambo zito zaidi ambalo meza ya vibuyu hulikwepa. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Rudewa iko kwenye barabara ileile inayopita Msowero. Mwaka 2009 watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Sokoine, walichapisha uchambuzi wa mauaji hayo. Hawakuona chuki ya asili baina ya makabila. Waliona sera ambazo kwa miaka mingi ziliwasukuma wafugaji pembeni, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote wasiamini kwamba ofisi ya serikali itawatendea haki. Mmoja wa waandishi hao alikuwa mwalimu wa chuo kilekile ambacho uwanja wake, siku ya sherehe, hutoa nafasi kwa kijana wa Kimaasai aruke na rungu lake huku wenzake wakishangilia. Kuruka kwake ni sawa, na anaruka vizuri. Lakini baada ya ngoma, chuo cha kilimo kina wajibu gani wa kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini watu wa Twatwatwa, kijiji cha wafugaji, na majirani zao wakulima walifikishana pale? Bwana shamba na bwana mifugo wa kesho wanakaa bweni moja. Wasipolizungumza hapo, watalizungumzia wapi?

Ujuzi wa kuwaongoza upo, ila umehifadhiwa mbali. Kitabu kinachojulikana zaidi kuhusu Wakaguru kiliandikwa na T. O. Beidelman, Mmarekani aliyeanza utafiti wake Ukaguru miaka ya 1950 na baadaye kufundisha New York. Sarufi ya kisasa ya Kikaguru iliandikwa na Malin Petzell wa Gothenburg, Sweden, ikatoka Ujerumani mwaka 2008. Nawashukuru wote wawili kwa dhati. Ila kijana wa Gairo, wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa, asingepaswa kuitegemea maktaba ya ng'ambo ili ajue bibi yake alifundishwa nini unyagoni.

Na kazi hii ya kuwatuma wanafunzi kwa wazee tulishaiweza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji, chini ya mradi uliosimamiwa na walimu kama John Iliffe na Gilbert Gwassa. Ripoti zao hutajwa hadi leo na kila anayeandika juu ya vita hivyo. Miaka ya 1970 wanafunzi wa chuo hichohicho walikusanya habari za utani kutoka sehemu mbalimbali za nchi, zikajaza juzuu kadhaa. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyogawa taifa. Na mbili za kwanza zilifanywa na vijana wa umri huuhuu wa wanaopanga meza leo.

Hapa ndipo ustawi wa mwanafunzi unapoingia, na watu hudhani ni hoja nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anayepata posho kamili hupewa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, kutoka 8,500 ya awali. Bumu likichelewa, anakopa kwa mama lishe. Sasa mwambie achangie nguo za ngoma, nauli ya kwenda kuazima kinu, na soda za kikundi. Atajitoa, na atajitoa kimya kimya. Wanaobaki jukwaani ni wale ambao nyumbani wanaweza kutuma chochote. Kwa hiyo mtoto wa vijiji vya Kilosa kama Ulaya au Kidete, anayemjua mganga wa kijiji, fundi wa ngoma na bibi mwenye hadithi, ndiye anayekosekana siku ya kuonyesha utamaduni wake. Mara nyingi ndiye pia aliye karibu zaidi kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwa sababu anasoma na njaa na hana wa kumwambia. Nitaeleza wazi ninachopendekeza: chuo kimlipe mwanafunzi huyo posho ya wiki chache za likizo, kimpe simu ya kurekodia na mwalimu wa kumsimamia, arudi na kazi yenye jina lake. Fedha hiyo itamvusha muhula. Kazi hiyo itamfanya atambulike na walimu, na anayetambulika hapotei kirahisi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi hutafuta kila siku njia ya kuwafikia wanafunzi wanaojificha. Hii ni mojawapo, na haimwaibishi mtu kama kupanga foleni ya msaada.

Mikumi pangekuwa pa kuanzia. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni darasa la karibu kwa wanaosomea wanyamapori. Huenda kuhesabu wanyama, kujifunza nyani na twiga. Mji wa Mikumi uko nje ya mpaka tu, na milima ya Wavidunda inaonekana upande wa kusini. Ratiba ya mafunzo hayo ikiongezewa siku mbili za kukaa na wazee wa Vidunda, kuuliza walivyowinda, misitu ipi ilikuwa ya tambiko na nani alikatazwa kukata mti gani, gharama haitapanda sana maana gari limeshafika. Mhifadhi anayejua majirani zake wanakumbuka nini juu ya ardhi ile atakutana na ugomvi mchache.

Zipo pingamizi za haki. Wazee wamechoka kuhojiwa bure. Walipwe, na nakala ya kilichorekodiwa ibaki kijijini, shuleni au ofisi ya kata. Si kila kitu ni cha maonyesho pia. Mafundisho ya unyago yana sehemu ambazo wenyewe hawataki zisemwe mbele ya wanaume au wageni, na ngoma ya digubi inayochezwa mwali anapotolewa hadharani haimpi mtu ruhusa ya kuanika kilichofanyika ndani. Mzee akikataa, mwanafunzi afunge daftari. Kuhusu fedha, sidai bajeti mpya. Nadai tu kwamba kinachotumika sasa kukodi spika, mahema na mavazi kigawanywe upya, nusu yake iende kwa mkusanyaji.

Tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa, na safari iliyokuwa ya kuchosha imekuwa fupi. Serikali za wanafunzi Sokoine na Mzumbe, pamoja na wenzao wa Chuo cha Ualimu Ilonga ambao tayari wanaishi ndani ya Kilosa, wasisubiri waraka kutoka juu. Likizo ijayo wachague wanafunzi kumi wenye uhitaji, wawalipie nauli na posho, waanzie Msowero na Rudewa. Watakachokuja nacho ndicho kiwekwe mezani.