Jiwe Lililoandikwa kwa Lugha ya Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda umewahi kwenda makaburini kumzuru marehemu wako, ukazunguka huku na huku, usilione kaburi. Kibao kimeliwa na mchwa, rangi imeoshwa na mvua, na jina limekwenda nayo. Siku hiyo huzuni huwa mbili: ya kumkosa mtu, na ya kukosa mahali pake.

Katika nchi ya Wales, magharibi ya kisiwa cha Britania, yapo makanisa ya vijijini yanayohifadhi mawe ya makaburi yaliyochongwa maandishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Utawala wa Warumi ulikoma huko mwanzoni mwa karne ya 5, lakini Kilatini chao kilibaki kuwa lugha ya heshima. Aliyetaka marehemu wake akumbukwe, alimchongea jiwe kwa Kilatini.

Kanisani Llangadwaladr, katika kisiwa cha Anglesey, limo jiwe la Cadfan, mfalme wa Gwynedd, aliyefariki yapata mwaka 625. Linamtaja kuwa mwenye hekima na sifa kuliko wafalme wote. Kule Penmachno, kijiji cha milimani, jiwe la kale zaidi linamkumbuka raia mmoja wa Gwynedd, wala halikusahau kueleza kwamba alikuwa binamu wa hakimu. Ndivyo tulivyo binadamu: hata kaburini twapenda ijulikane jamaa zetu ni akina nani.

Lakini jiwe linalonigusa mimi limo katika kanisa la Tywyn, mji mdogo wa pwani. Lilichongwa katika karne ya 8 au ya 9, na maandishi yake si Kilatini, bali ni Kiwelisi, lugha ya jikoni na shambani. Halimtaji mfalme. Linataja wanawake, wake za watu, pamoja na majina ya waume zao. Herufi zimechakaa na wataalamu wamebishana juu ya usomaji wake. Hata hivyo, maneno ya mwisho huelezwa kuwa yanasema kwamba uchungu ungali umebaki.

Basi mfalme alisifiwa kwa lugha ya wakubwa, na mke akaliliwa kwa lugha aliyosemeshwa nyumbani. Lugha hiyo nayo haikufa: katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, zaidi ya watu 500,000 nchini Wales walisema kwamba wanaizungumza.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatuna uwezo wa kununua marumaru. Lakini daftari na kalamu havitushindi. Jioni ya leo, mkiisha kula, mwulize mzee aliyepo nyumbani majina ya waliotangulia: si ya mababu tu, bali na ya mabibi, na mahali walipolazwa. Uyaandike, watoto wakisikia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, watu?