FEZA NA NYUMBA: Motoka ya zamani, bei gani ni ya haki?



Mwezi huu hatusemi juu ya mahari wala karo ya shule. Tunasema juu ya motoka. Najua mwingine atafungua ukurasa mwingine akisema: "Mimi sina hata kinga, motoka ya nini?" Ngoja kidogo. Siku unapopata gramu nzuri, mtu atakuja na motoka ya kuuza, tena atakuja haraka kuliko ndugu zako. Na pengine wewe ndiwe utakayebaki na motoka ya marehemu baba yako chini ya mwembe, watu wakikuambia ni vyuma tu.

Nitawaeleza habari ya motoka moja ya Baraka. Ni Peugeot 504, ile ya milango minne, ya esansi. Mwenyewe alikimbia mwaka 1996, vita vilipoingia, akavuka ziwa na jamaa yake. Motoka haivuki ziwa katika pirogi. Mwenyewe akafia kambini Nyarugusu, Tanzania. Mama mjane alirudi na watoto katika miaka ile boti zilipokuwa zikileta watu kutoka Kigoma, kuanzia 2005. Alikuta 504 iko hai. Fundi mmoja, jirani wa zamani, alikuwa ameificha wakati wa vita: aliondoa magurudumu, akaficha delko na karburata, hata askari waliopita waliona ni mzoga. Kisha amani ilipokuja kidogo akaifufua, akabeba nayo watu na samaki. Mama hakudai kitu. Fundi akampa feza ya chumvi mara kwa mara. Wakaishi hivyo miaka mingi, hakuna aliyeuliza motoka ni ya nani.

Ndipo akaja mnunuzi wa dhahabu kutoka Misisi, kijana mwenye feza mkononi. Akaipenda. "Papa, nataka motoka yenye jina. Hizi TVS kila mtu iko nazo." Siku ile maneno yakaanza.

Fundi alitaka dola 3,000. Kwa sababu gani? "Hii ndiyo motoka iliyoshinda Safari!" Kijana akatoa 700: "Muzee, hivi ni vyuma." Mimi niliitwa nikae nao, si kwa kuwa ni fundi, ila kwa kuwa si ndugu wa mtu pale.

Kwanza juu ya Safari. Fundi alisema kweli nusu. Yale mashindano yalianza 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara za matope na vumbi kama zetu. Mwaka 1975 Ove Andersson, mtu wa Sweden, alishinda na 504 ya milango minne. Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupé, ile ya milango miwili, ya mbio kabisa, yenye motere ya V6. Coupé iliundwa na Pininfarina wa Italia, na zilitoka chache. Ndiyo maana wazungu wenye feza wanaitafuta mpaka leo, kama wanavyoitafuta Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973. Lakini 504 za kawaida zilitoka zaidi ya milioni 3. Ndugu wa mshindi si mshindi. Kama mtoto wa mjomba wako ni daktari, wewe hauandiki dawa.

Tena tazama jambo la ajabu. Kuna 504 za esansi zenye pompi ya enjeksio badala ya karburata. Ulaya ile ya enjeksio ndiyo inapendwa, kwa sababu iko na nguvu zaidi. Huku Baraka ni kinyume. Pompi ile ikikufa, nani ataifungua? Utaisukuma mpaka Uvira! Karburata kila fundi anaijua, anaifungua kando ya barabara na bisibisi moja. Basi bei ya Ulaya haikai huku, hata kama uliiona katika simu ya rafiki. Bei iko mahali motoka inapotembea, na mahali piesi zinapopatikana.

Tukaenda kuiangalia. Nisikilizeni hapa vizuri. Nilikuwa nimemwambia fundi asiiwashe asubuhi ile. Muuzaji mjanja anawasha motere mbele hamjafika, kwa maana motere ya moto inaficha magonjwa. Nikaweka mkono kwenye kapo: baridi. Vizuri. Ikawashwa. Moshi wa bluu ukatoka kidogo, maana yake motere inakula mafuta yake, imechoka lakini haijakufa. Moshi mweupe usioisha ungenitia hofu zaidi, kwa sababu ni maji yanayoingia ndani. Tukachomoa kijiti cha mafuta: hayakuwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Basi jwanti inayofunga kichwa cha motere bado inashika.

Kijana wa Misisi alikuwa na sumaku mfukoni, ile mnayotolea mchanga mweusi katika dhahabu. Nikamwambia aipitishe juu ya bati ya motoka. Alicheka, kisha akanyamaza. Juu ya milango ilishika. Chini ya milango, upande wa kulia, ilianguka: hapo ni mastiki na rangi, bati imeliwa na kutu. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, lakini matope yanayolala chini ya motoka miaka yote yanakula polepole tu. Fundi aliona haya. Akashuka mwenyewe mpaka 1,800.

Mimi nikamuuliza kijana: utaifanyia nini? Kama ni kubeba mizigo Lulimba wakati wa mvua, uache, tafuta Land Cruiser au nunua pikipiki tatu. Kama ni kwenda ibada na arusi na jamaa, na kwenda Fizi wakati wa kiangazi, 504 itakubeba, iko juu na springi zake ni laini. Lakini weka kando feza ya piesi za mwaka mmoja. Usipoiweka, haujanunua motoka, umenunua kivuli cha kuku kulalia. Wakapatana 1,400. Kwangu mimi ni bei ya haki, labda juu kidogo. Ile sehemu ya juu ni ya jina, na mtu akipenda kulipia jina kwa feza yake mwenyewe, si ya karo ya watoto, sina neno.

Basi 1,400 ni ya nani? Hapo ndipo kulikuwa na kazi kubwa kuliko ya sumaku. Karte rozi, yenye jina la marehemu, mama alikuwa nayo. Aliivukisha ziwa mara mbili, ndani ya plastiki. Tukalinganisha namba yake na ile iliyopigwa katika chuma cha motoka: sawasawa. Bila karte ile kijana hangetoa hata dola. Bila fundi hakungekuwa na motoka ya kuuza.

Wazee wakauliza: kama fundi asingeigusa, ingekuwa na bei gani? Fundi mwingine akasema angetoa 300, aikate piesi. Basi 300 ikawa ya mama kwanza. Ikabaki 1,100. Fundi akadai yote, akihesabu piesi alizonunua. Mtoto wa kwanza wa mama akajibu: "Papa, na feza ya kubeba watu miaka yote?" Walikaa kimya kirefu. Mwisho wakagawanya 1,100 katikati: mama 850, fundi 550.

Mimi nilifikiri fundi alistahili zaidi, juu ya ile delko aliyoificha wakati watu walikuwa wakiuawa kwa kitu kidogo kuliko hicho. Nikalisema. Mama mwenyewe akanijibu kwamba huyo fundi ataendelea kuitengeneza, na kijana atamlipa. Ni kweli, sikuwa nimeliwaza. Tukaliandika katika karatasi, mashahidi wanne.

Kijana alilipa nusu siku ile. Nusu ya pili atailipa siku karte mpya itakapotoka kwa jina lake. Mpaka hapo ile ya zamani inabaki kwa mama, na funguo moja kati ya mbili.