Kuikosoa Nchi Si Kuichukia: Yaliyozuka Usiku wa Hina, Majengo Moshi

Mliodhani nimepotea, sijapotea. Nilikuwa Bara, Moshi, mtaa wa Majengo, harusini. Mtoto wa binamu yangu kaolewa, alhamdulillah. Boti asubuhi, usiku mmoja Dar, halafu basi kutwa nzima, na nilipoteremka mlima ulikuwa umejifunika mawingu kama mwari. Ulijifunua siku ya tatu, alfajiri, natoka kutia udhu. Subhanallah!

Habari za nguo, singo na mapambo nitawaelezeni siku nyingine inshaAllah. Leo nataka tuzungumze jambo lililozuka usiku wa hina, maana limenikaa rohoni.

Bwana harusi wetu anaishi Marekani, na bibi harusi atamfuata makaratasi yakikamilika. Basi usiku ule bibi harusi kakaa mkekani, mikono na miguu imejaa piko mbichi, hawezi hata kujikuna pua, nasi tumemzunguka. Shangazi yake, mwanamke hodari anayeuza mitumba soko la Memorial, akamtania: "Haya mwanangu, unakwenda kwa mabeberu. Ukifika waulize kwa nini hawatupendi."

Watu wakacheka. Wifi mtu hakucheka. Wifi huyu ni dada wa bwana harusi, kazaliwa huko huko Marekani. Kajifunga mtandio vizuri, anasali, Kiswahili anakijua, lakini nchi yake ni ile. Akasema kwa upole, "Shangazi, mimi naona nyinyi ndio msiotupenda. Dawa tunaleta, vyandarua tunaleta, filamu zetu mnatazama, nguo zetu mnauza. Mbona tunachukiwa hivi?"

Pakawa kimya. Hata aliyekuwa akipiga dufu chumba cha pili aliacha.

Mashoga zangu, swali lile halikuwa la ujeuri, lilikuwa la mtu aliyeumia. Na mtu aliyeumia hastahiki kuzomewa, anastahiki kujibiwa. Shangazi akamjibu, na nitawapa majibu yake kwa mpangilio wangu, pamoja na niliyoyajua mwenyewe.

Kwanza, kahawa. Baba yake shangazi alikuwa na kihamba chake mlimani, na kahawa ndiyo iliyosomesha watoto. Zamani nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zilikuwa na mkataba wa kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Julai 1989 mgawo ule ulisimamishwa baada ya nchi kushindwa kuelewana, na Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote, ilikuwa miongoni mwa wasioutaka uendelee vile ulivyokuwa. Bei ikaporomoka. Wapo wazee wa Kilimanjaro waliong'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Huko kwa wakubwa lilikuwa jambo la mkutano mmoja. Huku mlimani lilikuwa ada ya skuli.

Pili, hiyo hiyo mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hadi iishe, ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatukumbusha kuwa ulikuwepo mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru, na kwamba mlango huo ungeweza kufungwa. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha ule.

Hapa shangazi alisema jambo lililonifanya nimheshimu. "Mitumba ikipigwa marufuku mimi nalala njaa," alisema. "Sikatai. Lakini uamuzi wa duka langu ulifanyika kwao, si kwetu. Hilo ndilo linaloniuma."

Tatu, walikuja Palestina na Iraki, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema, hata bibi kizee aliyekuwa amesinzia. Sina haja ya kuyarudia. Mnayaona wenyewe kila siku katika simu zenu, na dua zenu Mwenyezi Mungu anazisikia.

Wifi naye alikuwa na haki yake. Mpango wa Marekani wa dawa za UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003, umewafanya Watanzania wengi wawe hai leo. Rais Bush alipokuja Februari 2008 alifika mpaka Arusha kwenye kiwanda cha vyandarua. Hayo si ya kukanusha. Mtu aliyelelewa na mama anayekunywa dawa zile hawezi kukaa akasema Marekani haijafanya kitu.

Lakini dada mmoja wa pale Majengo, mhudumu wa afya, akaongeza neno. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na vituoni watu wakashikwa na hofu: dawa zitakuwepo mwezi ujao au hazitakuwepo? Akasema, "Wifi, anayekupa kwa mkono mmoja na mkono wa pili kashika swichi, utamshukuru, lakini usingizi hutaupata." Mimi naona hapo ndipo penye shina la jambo. Watu hawamnunii mwenye nguvu kwa sababu ana nguvu. Wanamnunia kwa sababu maisha yao yanaamuliwa mezani kwake, na wao hawana kiti.

Mimi nilikuwa nimekaa kimya nikitafuna sambusa. Mara mama mmoja jirani akanigeukia: "Na wewe wa Unguja! Nyinyi Wazanzibari mbona mnatununia sisi Bara? Tumewafanya nini?"

Wallahi sambusa ilinikwama. Maana mimi siwachukii watu wa Bara. Nimezaa nao, nimekula kwao, na usiku ule nililala kitandani kwao. Lakini ni kweli tangu Muungano wa Aprili 1964 sisi wa visiwani tuna manung'uniko yetu, na kila tukiyasema tunaambiwa hatuupendi Muungano. Na yeye mama yule hakuwa amemfanyia mtu lolote. Yeye anauza ndizi. Nikamtazama wifi, nikamwelewa. Na nikamtazama shangazi, nikamwelewa pia.

Tofauti ni hii: mkubwa hausikii uzito wa mguu wake. Aliyekanyagwa ndiye anayeusikia. Mkubwa akisikia kilio, hudhani anatukanwa.

Kwa hiyo, wapenzi wangu, tujifunze kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyatia chungu kimoja. Kuna lalamiko, kuna husuda, na kuna chuki. Lalamiko lina sababu, na sababu ikiondoka nalo huondoka. Husuda haina sababu ila kwamba mwenzako anacho nawe huna, na tusijidanganye, hiyo ipo. Wapo walioitukana Marekani mchana na usiku wakajaza fomu za bahati nasibu ya kwenda kuishi huko. Chuki ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haimwangalii aliyefanya kosa, inamwangalia yeyote aliye karibu.

Sisi Afrika Mashariki tumeiona chuki hiyo kwa macho. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Dar 11. Katika wale 11 wa Dar hakukuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wetu, waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Kisha miaka mingi sisi wenye mabaibui na waume zetu wenye ndevu ndio tukawa tunatazamwa kwa jicho la pembeni viwanjani. Aliyedai anatupigania sisi, sisi ndio aliotuumiza. Na dini yetu haikumpa ruhusa hiyo: Suratul Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tuliokasirikiana nao.

Sasa nije kwenye uzalendo, maana wifi alisema jambo jingine. Alisema akiwa kwao akiikosoa serikali yake anaambiwa si mzalendo, arudi kwao Afrika. Akija huku anaambiwa yeye ni beberu. "Sina pa kukaa," alisema, na machozi yakamlenga.

Nikamkumbusha habari za Muhammad Ali. Bondia yule, Mwislamu mwenzetu, mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam. Akavuliwa ubingwa, akakosa ulingo miaka ya ujana wake, akaitwa msaliti. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi yake ikaifuta hukumu yake. Halafu Februari 1980 Rais Carter akamtuma Afrika, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Urusi imeingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wakamuuliza Ali: mwaka 1976 Afrika ilipoisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya wenzetu waliokuwa wakidhulumiwa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali akakiri kwamba mambo mengi hakuwa ameelezwa kabla ya kuondoka. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, ambazo hatujapata nyingine hadi leo.

Nampenda Ali kwa yote mawili. Aliikatalia nchi yake ilipomtuma kuua, na alikubali kuitumikia alipodhani inatetea wanyonge. Alipooneshwa kuwa kuna upande hakuuona, hakuona aibu kusema. Na watu wa Dar waliomuuliza maswali makali walikuwa wanampenda. Kumuuliza hakukuwa kumchukia. Mwaka 1996, mikono ikimtetemeka kwa maradhi, nchi ile ile iliyomwita msaliti ikampa mwenge wa Olimpiki awashe. Hakubadilika yeye, ilibadilika nchi.

Na sisi tusijitoe. Hapa kwetu ni mara ngapi mtu akisema hospitali haina dawa, au kura yake haikuheshimiwa, anaambiwa katumwa na mabeberu? Neno hilo tunalirusha ovyo. Kule mlimani beberu ni mbuzi dume tu, lakini midomoni mwetu limekuwa fimbo ya kumnyamazishia mwenzetu. Tukiwalaumu Wamarekani kwa kumwita mkosoaji msaliti, nasi tuache kumwita msaliti jirani yetu. Mbona mama akimkanya mwanawe hatusemi hampendi? Tunasema kalea. Asiyempenda ndiye humwacha apotee.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kumsaidia ndugu akidhulumiwa na hata akidhulumu, na alipoulizwa huyu wa pili anasaidiwaje, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Na aliipenda Makka mapenzi makubwa, ingawa watu wake aliwaambia ukweli mpaka wakamtoa. Basi mapenzi ya kwenu na ukweli yanakaa nyumba moja.

Karibu na usiku wa manane, piko imeshakauka, bibi harusi akatuuliza kwa sauti ndogo: "Sasa mimi nikifika huko nitakuwa upande gani? Na nikijaaliwa watoto, watakuwa wa nani?"

Tulidhani tunajadili siasa, kumbe tunaamua maisha ya mtoto aliyekaa mbele yetu.

Nilimwambia hivi, na nawaambia nyote mnaoolewa mbali, iwe Marekani, Uingereza, Oman au Bara tu ng'ambo ya maji. Nchi utakayokwenda itakulisha, basi ishukuru na uishi kwa sheria zake. Ikikosea, sema, kwa adabu na bila woga, kama unavyosema nyumbani kwenu. Hapo si mgeni tena, na nyumba ukishaihamia vumbi lake ni lako. Huku kwenu ukitusikia tunawasema vibaya majirani zako wema, tukanye na sisi. Watoto wako wafundishe kwamba wana nyumba mbili, na kila nyumba inastahiki kupendwa na kuambiwa ukweli. Haki ndiyo upande wako. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa imetutaka tusimame na haki hata ikiwa dhidi yetu wenyewe na wazazi wetu, sembuse serikali.

Shangazi akainuka, akaenda kwa wifi, akamfunga kanga mpya kiunoni. "Kahawa yangu bado nawadai," akasema. "Lakini wewe ni mwanangu." Wifi akacheka huku analia, akasema akirudi atawaeleza wenzake habari za kahawa ile. Dufu likarudi.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, na akdi ikapita salama. Namwombea bibi harusi wetu ndoa yenye utulivu na huruma, na awe daraja kati ya watu hawa wawili. Na sisi tuliobaki, Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kusema kweli na moyo wa kutochukia. Amin.

Wabillahi tawfiq.