Mmisionari Mgeni Asikilize Kwanza

Mmisionari anayetumwa Eastlands, jijini Nairobi, anapaswa kuishi na watu kabla ya kuwahubiria. Padri Alex Zanotelli, Mwitaliano wa shirika la Wakomboni, alionyesha kuwa inawezekana: aliishi katika kibanda mtaani Korogocho kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na jaa la Dandora. Moshi unaowakereketa majirani koo ulimfikia na yeye, na mtungi wa maji wa lita 20 ukawa na uzito uleule mkononi mwake. Ndiyo maana neno lake lilisikika.

Wapo watakaosema Nairobi ni jiji la Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili na Sheng, lugha ya mitaani, si lazima. Kiingereza kinatosha ofisini. Lakini mama mboga wa mtaa wa Kariobangi aliyefiwa hawezi kufarijiwa kwa lugha ya ofisini. Wengine watataja usalama. Hofu hiyo ina msingi, lakini ukuta mrefu haumlindi mgeni kama anavyolindwa na majirani wanaomjua kwa jina. Makanisa, mpeni mgeni miezi ya kujifunza lugha na chumba mtaani. Mahubiri yatasubiri.