Kwa nini restora za kimataifa zinashika Nairobi lakini hazifiki Kivu?

Nairobi ina KFC tangu mwaka 2011, Kampala tangu 2013. Ukivuka mpaka wa Bunagana au wa Kasindi kuingia Congo, hakuna tena. Goma inakadiriwa kupita milioni moja ya wakaaji, Bukavu na Butembo nazo ni miji mikubwa ya biashara, lakini hakuna hata moja yenye kampuni kubwa ya chakula inayojulikana duniani.

Jibu linalokuja haraka ni mbili: vita na umaskini. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Iceland ni nchi tajiri na ya amani, na McDonald's ilifunga milango huko mwaka 2009. Moscow ya 1990 ilikuwa na maduka matupu na foleni za mkate, na McDonald's ilifanikiwa. Kwa hiyo kuna jambo lingine la kuangalia.

Jina peke yake halipiki chakula

Kampuni hizi zinauza ahadi moja: chakula ulichokula leo kitakuwa kilekile mwezi ujao, katika kila tawi. Ili ahadi hiyo isimame, inahitaji viazi vya aina moja, kuku wa uzito mmoja, baridi isiyokatika na barabara inayopitika kila siku. Tena, mara nyingi mwenye jina haleti pesa zake. Mfanyabiashara wa nchi husika ndiye anayelipia haki ya kutumia jina, anajenga, anaajiri, kisha anatoa sehemu ya mauzo yake. Mzigo ukichelewa, hasara ni yake.

Hilo ndilo lililotokea Iceland. Restora tatu za McDonald's zilikuwa zinaagiza karibu kila kitu kutoka Ujerumani. Benki za nchi hiyo zilipoanguka mwaka 2008, pesa ya Iceland ilipoteza thamani na gharama za kuagiza zikapanda kupita kiasi. Mwenye biashara aliacha jina la McDonald's, akafungua tena kwa jina lingine, akinunua bidhaa za nchini. Wateja walikuwa walewale na majengo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali chakula kilipotoka.

Moscow ilikwenda kinyume. Kabla ya kufungua Januari 1990, McDonald's ilijenga kiwanda chake karibu na mji huo na kuwafundisha wakulima kulima aina ya viazi inayofaa kukaangwa. Siku ya kwanza walihudumiwa watu wapatao 30,000. Biashara hiyo iliendelea kwa miaka 32, na iliondoka mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Somo la viazi vya Kenya

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Januari 2022. KFC Kenya iliishiwa viazi vya kukaanga. Mzigo ulikuwa umekwama kwa sababu ya usafiri wa meli kuvurugika wakati wa Covid-19. Wakenya wengi waliuliza: inawezekanaje kuagiza viazi kwa meli katika nchi ambayo viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi? Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wa viazi lazima kwanza wapimwe na kukubaliwa kwa kanuni zake za ubora. Hasira ilienea mitandaoni, watu wakaitana kususia, na baada ya siku chache kampuni ikasema itaanza kutafuta viazi vya nchini.

Kwa mkulima, tukio hilo linaonyesha kwamba kampuni ya kigeni inaweza kujaza meza mjini bila kununua hata gunia moja kijijini.

Mteja naye ana neno

Hata pale mizigo inapofika vizuri, kuna swali la pili: mji tayari unakula nini? Australia ilikuwa na mikahawa yake ya kahawa nzuri kabla Starbucks haijaingia mwaka 2000. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilifunga maduka 61 kati ya 84. Domino's iliingia Italia, nyumbani kwa pizza, mwaka 2015, ikaondoka 2022. Ufilipino nako, McDonald's ilipofika mwaka 1981 ilimkuta Jollibee, kampuni ya nyumbani iliyojua ladha ya watu wake, na hadi leo haijamshinda.

Katika miji ya Kivu, mshindani huyo ni malewa. Fufu, sombe, maharage na sambaza vinapikwa kwa makala, vinanunuliwa asubuhi na kuisha mchana. Mama wa malewa hahitaji chumba cha baridi. Bei ya mafuta ikipanda, anapunguza sahani badala ya kufunga. Mteja anayemjua anaweza kulipa kesho.

Kinachokosekana Kivu

Viazi vipo. Masisi na Lubero vinalimwa kwa wingi, na Masisi inajulikana pia kwa maziwa na jibini. Tatizo ni njia. Barabara ya taifa nambari 2, inayounganisha Goma na Butembo kupitia Rutshuru na Kanyabayonga, imekatwa mara nyingi na mapigano. Kwenye barabara za vijijini, vizuizi vinakula faida ya gunia kabla halijafika sokoni. Lubumbashi ina nafasi tofauti: malori kutoka Zambia na Afrika Kusini yanaingia kupitia Kasumbalesa.

Kisha kuna pesa. Baada ya AFC/M23 kuchukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Bukavu ilifuata Februari. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kulipia haki ya jina huko ng'ambo, au kuagiza majokofu, bila benki.

Lakini orodha hiyo ya matatizo haiwahusu wageni tu. Mwenye restora nzuri ya Goma anayetaka kufungua tawi Butembo anakutana na barabara ileile, vizuizi vilevile na benki zilezile zilizofungwa. Kwa hiyo kukosekana kwa KFC si hasara kubwa yenyewe. Hasara ni kwamba hata Jollibee wetu hawezi kuzaliwa.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na benki za Kenya zilikuwa tayari zimeanza kununua benki za Congo. Siku amani itakaporudi, kampuni za chakula zinaweza kufuata njia hiyohiyo. Viongozi wa majimbo na vyama vya wakulima wana swali moja la kuandaa mapema, lile Wakenya waliouliza wakiwa wamechelewa kwa miaka 11: viazi vitatoka wapi?